Tangazo la Soda Kwenye Geti la Shule: Namna ya Kuliondoa

Mwanangu alipokuwa chekechea, mwalimu aliwaambia watoto wachore shule yao. Alichora jengo, mnazi, bendera, na juu ya geti akachora chupa. Jina la shule hakuliandika, maana kuandika alikuwa bado; lakini chupa aliichora mpaka na kifuniko chake, na rangi akaipatia sawasawa. Kesho yake asubuhi nilisimama mbele ya geti nikatazama juu. Jina la shule lilikuwa limebanwa upande mmoja kwa herufi nyembamba, na nusu nzima ya kibao ilikuwa nembo ya soda. Nilikuwa nimepita chini ya kibao kile miaka miwili nikimshika mtoto mkono.

Tangu siku ile, wazazi kadhaa wa shule yetu hapa Mombasa tumekuwa tukishughulika na jambo hili. Haya nayaandika kwa mzazi au mwalimu wa Kenya anayetaka kuanza, kwa sababu sheria ninazozitaja ni za Kenya. Aliye Tanzania au Uganda anaweza kuchukua njia na kutafuta sheria za kwake.

Kwanza tuelewane tunashindana na nini. Hatushindani na mtoto anayelia dukani, wala na muuza duka anayetafuta riziki. Mtoto ambaye hajafika miaka minane hivi hajajua kwamba tangazo lina mwenyewe anayetaka pesa. Kwake yeye, katuni inayocheka juu ya pakiti ni rafiki anayemwambia kitu kizuri. Kumgombeza kwa kumwamini rafiki yake si haki.

Shirika la Afya Duniani linalisema hili kwa muda mrefu. Mwaka 2010 nchi wanachama ziliidhinisha mapendekezo ya kupunguza matangazo ya vyakula na vinywaji vyenye sukari, chumvi na mafuta mabaya yanayowalenga watoto. Mwaka 2023 shirika likatoa mwongozo mkali zaidi: masharti yawe ya lazima, yasiachiwe hiari ya kampuni, yalinde watoto wa rika zote, na yawe mapana, ili tangazo likifungiwa mlango wa runinga lisiingie kwa dirisha la simu. Mapendekezo hayo yanaligawa tatizo mara mbili: tangazo linamfikia mtoto mara ngapi, na lina nguvu gani ya kumvuta. Shika mambo hayo mawili, utayahitaji sasa hivi.

Hatua ya kwanza: tembea na daftari

Usianze kwa mkutano. Anza kwa miguu. Chagua njia ambayo watoto wengi huipita, kwa mfano kutoka getini hadi steji ya matatu, uitembee polepole ukiandika kila tangazo la kinywaji au chakula cha pakiti unaloliona. Bango kubwa la barabarani ni moja tu kati ya mengi. Andika ukuta wa duka uliopakwa rangi ya soda kutoka juu hadi chini, friji yenye nembo, mwavuli wa muuza simu, viti vya plastiki vya hoteli, stika za mlangoni, aproni ya muuzaji, tuktuk ya kusambaza biskuti.

Kwenye daftari piga mistari minne: mahali, bidhaa, umbali kutoka getini kwa hatua zako, na kitu kinachomvuta mtoto. Huo mstari wa nne ndio wenye kazi. Kuna katuni? Kuna mchezaji mpira? Kuna zawadi ya kitoto ndani ya pakiti? Kuna bei ya shilingi tano au kumi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, yaani bei ya chenji ya mtoto? Tangazo la unga wa ngano halina mambo haya. Tangazo la krisps huwa nayo yote kwa pamoja.

Kisha rudi njia ile ile na mtoto wako, na kila penye duka chuchumaa mpaka macho yako yawe sawa na yake. Hapa ndipo mimi nilipoelewa. Nikiwa nimesimama, naona sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia. Nikichuchumaa, mbele ya pua yangu pananing'inia peremende, biskuti na juisi za pakiti, zimepangwa kama shada la maua. Rafu ya chini ni ya mtoto, na aliyeipanga analijua hilo.

Piga picha, uhakikishe tarehe inaonekana au umeiandika. Picha za watoto wa watu usizipige. Sisi tulijaza kurasa mbili na nusu kabla ya kufika stejini, na kurasa hizo zilitusaidia kuliko hotuba yoyote tuliyowahi kutoa.

Hatua ya pili: kubalianeni ni bidhaa zipi

Msipolimaliza hili mapema, mkutano wenu wa kwanza utavunjika kwa swali la viazi karai. Kwetu ulikaribia. Baba mmoja alisimama akauliza: basi na mama wa viazi mumfukuze? Na mabuyu je? Na achari ya embe?

Jibu langu ni hili. Viazi vya karai vina mafuta, na mabuyu ya rangi yana sukari tele. Mtoto asivile kila siku. Lakini mama wa viazi hana bango, hamlipi mchezaji mpira, hagawi jezi. Kazi hii ni ya kuzuia tangazo, na tangazo lina mwenye mfuko. Mama wa viazi muacheni na karai lake.

Kwa vitu vya pakiti na chupa, soma lebo. Tafuta jedwali dogo la lishe nyuma, uangalie safu ya gramu 100 au mililita 100, kwa sababu safu ya "kwa kipimo kimoja" kampuni huweza kuifanya ndogo itakavyo. Sisi tuliazima viwango vya Chile. Nchi hiyo, tangu Juni 2016, inaweka alama nyeusi ya pembe nane mbele ya bidhaa zilizozidi kiwango, na bidhaa yenye alama hiyo hairuhusiwi kutangazwa kwa watoto wa chini ya miaka 14, kuuzwa wala kutangazwa shuleni, wala kuwa na katuni kwenye pakiti. Yule chui milia maarufu wa maboksi ya sereali ilibidi aondoke. Viwango vyao vya mwisho ni rahisi kukumbuka: kwa chakula kigumu kilichoongezwa sukari, chumvi au mafuta, sukari isizidi gramu 10 na sodiamu, ile iliyo ndani ya chumvi, isizidi miligramu 400 kwa kila gramu 100; kwa kinywaji, sukari isizidi gramu 5 kwa kila mililita 100. Chukua chupa ya soda ya kawaida usome: kwa kawaida utakuta gramu 10 na zaidi kwa mililita 100, mara mbili ya kiwango hicho.

Kipo pia kipimo cha Afrika. Mwaka 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya kanda ya Afrika ilitoa mfumo wa kupima vyakula, uliotengenezwa mahsusi kwa kazi hii ya kuzuia matangazo kwa watoto. Mwombeni afisa wa lishe wa kaunti nakala yake. Akija kuwasomea yeye mwenyewe kwenye mkutano, ni bora zaidi, maana mtu wa serikali akisema "hii haifai", mwalimu mkuu anaandika.

Angalia hasa juisi. Kopo lina picha ya embe lililoiva na maneno kuhusu vitamini C, lakini orodha ya viungo inaanza na maji, ya pili sukari, na embe linakuja baadaye. Wazazi wanaokataa soda hununua hizi wakiamini wamefanya vizuri, nami nilikuwa mmoja wao.

Halafu fanyeni lile zoezi la kijiko mbele ya wazazi. Chupa ya mililita 300 yenye gramu 10.6 kwa mia ina gramu 32 hivi za sukari. Kijiko kimoja cha chai ni gramu nne. Weka bilauri ya kioo mezani, fungua pakiti ya sukari, uhesabu kwa sauti hadi nane. Usiseme neno. Wazazi wenyewe watahesabu pamoja nawe, na kufika cha tano utasikia "yallah". Ndipo uwaambie kwamba Shirika la Afya Duniani, tangu 2015, linataka sukari ya kuongezwa ibaki chini ya asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5. Mtoto anayehitaji kilokalori 1,500 kwa siku, asilimia 10 yake ni gramu 37 na nusu. Chupa moja ya mapumziko ya saa nne imekaribia kuimaliza, na bado hajanywa chai ya jioni.

Hatua ya tatu: ijue karatasi utakayoisimamia

Kenya ina sheria ya tumbaku tangu 2007, inayopiga marufuku matangazo ya sigara. Ina sheria ya pombe tangu 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Sheria ya Mututho, inayotaka baa iwe angalau mita 300 kutoka shuleni. Ina sheria ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga tangu 2012, inayozuia kuyatangaza. Soda na krisps hazina sheria ya namna hiyo. Mtu akikwambia "hamna sheria", usibishe. Mwonyeshe hizo tatu, umwambie nchi hii inajua kuifanya kazi hii ikiamua.

Wakati sheria hiyo haijaja, Katiba ya 2010 inatosha kuanzia. Kifungu cha 53 kinampa mtoto haki ya lishe ya msingi, na kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kulindwa afya yake, na kinazungumzia matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha. Na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti, siyo Nairobi, udhibiti wa matangazo ya nje, leseni za wanaouzia watu chakula, na elimu ya chekechea. Nakili mistari hiyo kwenye ukurasa mmoja, uutie kwenye faili. Utautoa mara nyingi.

Hatua ya nne: shuleni, na hapa kaa sana

Tangazo haliingii shuleni likijiita tangazo. Linaingia likiwa zawadi. Kibao kipya cha getini, friji ya kantini, jezi za timu ya mpira, mahema ya siku ya michezo, kalamu na rula za washindi, gari la promosheni lenye spika linalofika Ijumaa mchana kugawa chupa za bure. Wakati mwingine ni shindano la kukusanya vifuniko, na darasa zima linashindana kunywa.

Tulipokwenda kwa mwalimu mkuu, hakukasirika. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mama, mimi sina pesa za kibao. Hiki nilipewa bure. Nyinyi mnanipa nini?"

Swali lile lilikuwa la haki, nasi tulikuwa tumekwenda mikono mitupu. Tukarudi nyumbani tumenyamaa. Kwa hiyo nakuomba: kabla hujagonga mlango wa ofisi, uwe na jibu la swali hilo. Nenda kwa mafundi watatu wa chuma na mpaka rangi mmoja, uulize bei ya kibao cha ukubwa ule ule. Mara nyingi bati na nguzo bado ni nzima, kinachotakiwa ni rangi tu, na bei inashuka sana. Uliza kama kuna mzazi fundi. Kwetu alikuwepo, akachukua gharama ya vifaa peke yake, na kila familia ikatoa kidogo kwa simu. Tuliporudi kwa mwalimu mkuu na karatasi ya bei na majina ya waliokwisha changa, mazungumzo yalichukua robo saa.

Jambo moja la kuangalia: kibao chenyewe huenda ni mali ya kampuni. Omba kuona makubaliano. Kama hakuna karatasi, shule iandike barua fupi ya kushukuru na kutaka kibao kichukuliwe ndani ya siku 30. Msikipake rangi wala kukibomoa usiku. Mtu aliyekuja kwa zawadi arudishiwe zawadi yake kwa heshima, asipate la kulalamikia.

Kosa letu kubwa zaidi lilikuwa la pupa. Katika mkutano wa kwanza tulitaka tangazo liondoke, soda isiuzwe kantini, na hata chumba cha walimu kisiwe na soda. Walimu walihisi wamevamiwa, wazazi waliotuunga mkono wakarudi nyuma, na muhula mzima ukapotea. Tenganisha. Mwaka wa kwanza ni wa matangazo na zawadi peke yake. Kuuza ni mazungumzo ya baadaye, na yatakuwa mepesi nembo zikishatoka machoni.

Lengo la hatua hii ni azimio la Bodi ya Usimamizi, ile tunayoiita BOM, likiandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na kutiwa saini na mwenyekiti na mwalimu mkuu. Ahadi ya mdomo huondoka mwalimu mkuu akihamishwa. Haya ndiyo maneno tuliyoyatumia, mnaweza kuyachukua na kuyabadili:

*"Shule haitaweka wala kukubali jina, nembo, rangi maalumu, katuni au picha ya kinywaji chenye sukari au chakula cha pakiti chenye sukari, chumvi au mafuta mengi, kwenye geti, ukuta, kibao, kantini, daftari, sare, jezi, kombe au kifaa chochote cha shule. Hakuna bidhaa za aina hiyo zitakazogawiwa bure kwa wanafunzi ndani ya shule au kwenye safari na michezo ya shule. Hakuna shindano litakalomtaka mwanafunzi kununua bidhaa au kukusanya vifuniko na pakiti. Atakayetaka kuisaidia shule atakaribishwa, na atatajwa kwa maneno katika mkutano wa wazazi, bila nembo kubandikwa popote. Picha ya mwanafunzi haitatumika katika tangazo la mtu yeyote bila ruhusa ya maandishi ya mzazi wake."*

Sentensi ya kuhusu anayetaka kusaidia usiiache. Ndiyo iliyowatuliza wajumbe waliohofia kwamba shule itafungiwa wafadhili. Mfadhili mwenye nia njema hatajali nembo yake kutokuwepo. Mwenye nia ya kuuza ataondoka, na hapo kila mtu atakuwa ameona alichokuja kukifanya.

Na ile sentensi ya picha ina meno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, picha ikiwamo. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Siku ya gari la promosheni, vijana wa kampuni huwapiga picha watoto wameinua chupa. Mtajieni mwalimu mkuu faini hiyo, ataelewa mara moja.

Hatua ya tano: nje ya geti

Kwa mwenye duka nenda mtu mmoja au wawili wanaomfahamu, na mwende kama wateja, siyo kama wakaguzi. Nunua kitu. Msalimie, keti, uulize biashara. Mzee wa duka lililo mkabala na geti letu alitueleza wazi: "Mwanangu, friji hii ni yao. Nikiweka maji yangu ya ukwaju mle ndani, wakija kukagua wananilaumu. Na ukuta walinipakia wao, mimi sikutoa hata shilingi."

Hapo ndipo utakapojua kwamba hata yeye ameshikwa. Usimwombe aache kuuza. Mwombe mambo anayoweza. La kwanza, ukuta unaotazama shule upakwe rangi nyingine, nanyi mlete kopo la rangi na brashi. La pili, rafu ya chini iwekwe ndizi, karanga, maji na daftari, na peremende zipande juu ya kaunta. La tatu, mlango wa friji ugeuzwe usitazame barabara ya watoto. Maji ya ukwaju yakikaa kwenye kasha la barafu hapo mbele, wazazi wayanunue kweli, wasimwache nayo. Kwetu maduka mawili yalikubali na moja likakataa, nasi tunaendelea kununua sukari kwa yule aliyekataa.

Hatua ya sita: kaunti

Mabango makubwa yana leseni ya kaunti na hulipiwa ada. Anza kwa kuuliza. Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa haki ya kuiandikia kaunti kuuliza ni mabango gani yameruhusiwa karibu na shule yenu, kwa masharti gani na mpaka lini, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Bila muhuri, barua yako haikufika. Tulijifunza kwa kuandika mara mbili. Na mara nyingine bango lililokukera miaka yote huwa halina kibali. Hilo linaondolewa kwa barua moja tu.

Ukiwa na majibu, andikeni ombi rasmi kwa bunge la kaunti kupitia kwa karani wake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki hiyo. Mweleze mwakilishi wenu wa wadi kabla, asishtukie. Ombi liwe la ukurasa mmoja na kurasa za picha nyuma. Litake kitu kimoja kinachopimika: kusiwe na tangazo la nje la vinywaji vya sukari na vyakula vya aina tuliyoitaja ndani ya mita 300 kutoka kwenye mpaka wa shule au chekechea yoyote. Chagueni mita 300 kwa sababu tayari zimo katika sheria ya pombe, hakuna atakayesema mmezizua. Ambatanisheni saini pamoja na majina ya shule nyingine mbili au tatu. Shule moja ni malalamiko, shule nne ni hoja ya kaunti.

Pingamizi mtakalolisikia ni mapato. Jiandaeni na London. Mwaka 2019 usafiri wa umma wa jiji hilo ulipiga marufuku matangazo ya vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi kwenye treni, mabasi na vituo vyake. Nafasi zile hazikubaki tupu, matangazo mengine yaliingia, na kampuni za chakula zenyewe zikatangaza bidhaa zao zilizo afadhali. Watafiti walipolinganisha manunuzi, waliona kaya zilikuwa zikinunua takriban kilokalori 1,000 pungufu kwa wiki za vyakula vya aina ile, kuliko ilivyotarajiwa kama marufuku isingekuwepo. Bango la karibu na shule laweza kutangaza maziwa, sabuni, bima au vitabu, na ada ikaingia vilevile.

Kila mwaka pia kaunti huita wananchi watoe maoni juu ya Mswada wa Fedha, ambamo ada za mabango hupangwa. Wapo watakaowashauri mwombe ada ya mabango ya karibu na shule ipandishwe. Mimi siipendi njia hiyo. Ada kubwa ikishalipwa, tangazo limepata haki ya kubaki, na kaunti imepata sababu ya kulipenda. Nendeni kwenye kikao, lakini mtake mita 300.

Hatua ya saba: runinga na simu

Hapa mzazi mmoja hana nguvu nyingi, kwa hiyo sitarefusha. Saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku ni muda ambao kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinazuia maudhui ya watu wazima kwa ajili ya watoto. Ukiona tangazo lililokera katikati ya kipindi cha watoto, andika kituo, siku na saa, upeleke malalamiko kituoni kwanza, kisha kwa Mamlaka usipojibiwa.

Kwenye simu, mtoto mdogo aangalie YouTube Kids badala ya YouTube ya kawaida, kwa kuwa huko matangazo ya kulipia ya vyakula na vinywaji hayaruhusiwi. Lakini video zenyewe zaweza kuonyesha mtoto mwenzake akifungua pakiti za peremende dakika kumi mfululizo, na hilo ni tangazo kuliko tangazo. Keti naye. Muulize: huyu mtoto amepewa na nani peremende zote hizi? Mwanangu alipojibu "na wenye duka", nilijua ameanza kuona.

Hatua ya nane: rudi barabarani

Nembo hurudi. Rangi ya ukuta ikichakaa, kijana wa kampuni atakuja na kopo lake bila kumuuliza mtu. Mwalimu mkuu mpya ataletewa jezi wiki ya kwanza. Kwa hiyo kila mwanzo wa muhula wazazi wawili, tena wasiwe wale wale kila mara, watembee njia ile na daftari lile, wasimame na kuchuchumaa palepale. Azimio la BOM lisomwe kwenye mkutano wa kwanza wa wazazi wa kila mwaka, na nakala yake ibandikwe ofisini mahali anapokaa mgeni, ili mwenye zawadi alisome akiwa anasubiri kuitwa.

Jumamosi iliyopita tulitembea tena. Ukurasa mmoja na robo. Ukuta wa mzee ni wa kijani kibichi sasa, na kwenye rafu ya chini pana ndizi, ila bango la mzunguko wa barabara bado lipo. Muhuri wa barua yetu ya pili kuhusu bango hilo una siku 12.